Kamba Mwenye Mayai

Mbele ya duka la Gathogo, hapa Eldoret mjini, karibu na stage ya magari ya Nakuru, kulikuwa na benchi refu la mbao ambalo siku ya Jumamosi halikukosa watu. Gathogo mwenyewe tulimwita Mizani, maana akikupimia sukari alikuwa anashikilia pumzi. Ogola, fundi wa nguo, alikuwa Inchi. Tepu yake haikutoka shingoni hata akienda kanisani. Mzee Jeconia, aliyestaafu kazi ya reli, alikuwa Signal, kwa sababu hapakuwa na maneno yaliyopita pale kabla yeye hajainua mkono. Mimi nilifundisha shule ya msingi kule Yamumbi, kwa hivyo niliitwa Chaki. Kahawa ilikuwa ya Mama Njambi, mwenye kibanda cha upande wa pili wa barabara. Jumamosi ninayoisimulia ilikuwa mwaka ule wa kupiga kura kwa mlolongo, kila mtu akisimama nyuma ya mgombea wake, na Mzee Jeconia alikuwa amekuja na suti, ingawa hapakuwa na harusi wala mazishi.

— Mzee, leo kuna nini? aliuliza Ogola.

— Nangoja mgeni. Yule kijana wa Akello.

Akello alikuwa binti yake wa mwisho, nesi. Walikutana na huyo kijana katika mkutano wa kwaya Nakuru, na sasa kijana alikuwa anakuja mara ya kwanza kumsalimia baba. Mama Akello alishachinja kuku.

— Anaitwa Thuo, alisema Mzee. Anakaa Naivasha, anafanya kazi kwa ziwa. Akello ameniambia analeta kamba.

— Kamba ni zawadi ya maana, alisema Gathogo. Mimi ninauza ya katani hapa, lakini yenye nguvu hakuna.

— Hiyo ndiyo nilimwambia mama yake. Ndama wangu amekata ile ya zamani.

Gari la Nakuru liliingia stage, akashuka kijana mrefu mwenye sweta ya kijani, amebeba ndoo iliyofunikwa na gunia lililoloa maji. Alitusalimia sote kwa mikono miwili, akamwinamia Mzee Jeconia zaidi, kisha akaiweka ndoo chini mbele ya miguu yake.

— Mzee, nimekuletea kitu kidogo kutoka kwa mikono yangu.

Akaondoa gunia. Ndani ya majani mabichi kulikuwa na wadudu wekundu, wenye magamba na makasi mawili mbele, wanapandana polepole. Ogola alikuwa wa kwanza kuinua miguu juu ya benchi.

— Hii ndiyo kamba? aliuliza Mzee.

— Ndiyo, Mzee. Kamba wa maji baridi.

Mzee Jeconia aliinamia ndoo.

— Sasa ndama nitamfunga na nini?

Tulicheka mpaka Gathogo akashika ukuta, na Thuo, alipoelewa, akacheka kuliko sisi. Mzee naye alilegea, akampa nafasi kwenye benchi. Mambo yalikuwa yanaenda vizuri. Thuo akaanza kueleza: kule ziwani yeye na wenzake wanatega hawa kwa vitega vya waya, na wakubwa wanauzwa hadi kwa mahoteli ya Nairobi.

— Kwa nini wakubwa peke yao? Gathogo alitaka kujua.

— Ni sheria yetu, wote tunaotega. Mfupi kuliko upana wa kiganja anarudi majini. Na mwenye mayai anarudi, hata akiwa mkubwa namna gani. Miaka fulani tulikuwa tunabeba wote, tukaanza kutoa vitega vitupu. Sasa tumekubaliana.

Kusikia habari ya kipimo, Ogola alisahau woga. Alitoa tepu shingoni, akainama, akaanza kazi.

— Huyu amepita. Huyu pia. Huyu amepita na kubaki. Huyu... Omera, ndugu yangu, hii yako ina kitu chini ya mkia.

Thuo alimchukua kwa mgongo, akamgeuza. Chini ya mkia kulikuwa na shada la mayai meusi, mengi, yamebanana kama mtama. Niliona uso wa kijana ukibadilika.

— Sikumwona, alisema kwa sauti ya chini. Nilitoa vitega kukiwa na giza, nikiwahi gari. Sikumwona.

— Si ni mmoja tu? alisema Gathogo. Na ofisa wa samaki hayuko hapa.

— Ofisa hayuko. Lakini mimi niko.

Hapo ndipo benchi lilipowaka kwa mabishano.

— Basi mtupe hapo Sosiani, alisema Ogola. Maji ni maji.

— Hapana, fundi. Huyu si wa huu mto. Akizaa hapa atachimba kingo zote, atakula mayai ya samaki, na hatoki tena.

— Sikia hiyo, alisema Gathogo. Leo Sosiani, kesho wako kwa tangi la maji. Mama anafungua bomba, anatoka mmoja na makasi.

— Bomba ni kidogo, alisema Ogola. Watakuja na reli. Watajaa Eldoret, watahamia Cheptiret, watafungua duka wakushinde bei.

— Duka watapewa na nani laiseni?

— Watanunua kadi ya chama kama wewe. Halafu siku ya uchaguzi watapanga mlolongo.

— Mlolongo gani, na hao wanatembea kinyumenyume? Watajuaje wako nyuma ya nani?

Gathogo alisema hivyo, kisha akakumbuka alichosema. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akaitazama ile picha ya Rais iliyokuwa imening'inia ndani ya duka lake, akakohoa.

— Tuongee habari ya mayai, alisema.

Niliuliza kama hatuwezi kumweka kwenye karai mpaka kesho. Thuo alitikisa kichwa. Maji ya bomba yana dawa, yatamwua. Na majani ya ndoo yakinyauka, mayai yatakauka. Kulikuwa na gari la saa sita, ambalo lingemfikisha ziwani kabla ya jua kuchwa. Aliposema saa sita, sote tulielewa. Saa saba alikuwa anatakiwa mezani kwa Mzee Jeconia.

Sasa Mzee aliinua mkono, tukanyamaza.

— Wewe kijana. Mama Akello ameamka alfajiri kwa ajili yako. Kuku iko jikoni. Ndugu zangu wawili wametoka mbali kukuona. Unataka nikaseme nini nyumbani, kwamba mgeni amenigeuzia mgongo kwa sababu ya mdudu?

Thuo alisimama. Yule kamba bado alikuwa mikononi mwake.

— Mzee, nimengoja hii siku kwa muda mrefu sana. Lakini kule ziwani mimi ndiye niliyesimama mbele ya wenzangu nikawaomba warudishe wenye mayai. Kuna mwenzetu mmoja, baba wa watoto wengi, alirudisha wake mbele yangu, na siku hiyo alienda nyumbani mikono mitupu. Nikila huyu leo, nitamwangalia namna gani?

Ogola alikuwa anakunja tepu yake na kuikunjua.

Mzee Jeconia alivua kofia, akaiweka kwa goti.

— Baba yangu alikuwa mvuvi, alisema. Alikuwa anasuka nyavu zake mwenyewe, macho mapana, ngege, yule samaki wa kwetu, akiwa mdogo apite aende. Halafu watu wakaleta nyavu za macho madogo. Walikuwa wanajaza mashua, wanamcheka. Alienda akawaomba, nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyemsikiliza. Ngege ilipoisha ufuoni kwetu ziwani, iliisha kwa wote, kwake na kwao. Ndiyo maana mimi nilikuja kufanya kazi ya reli. Mimi nilizaliwa niwe mvuvi.

Alipangusa macho kwa kiganja bila kuficha.

— Hakupata hata mtu mmoja wa kurudisha samaki pamoja naye. Hata mmoja. Na wewe unanitoka mezani kwa ajili ya mmoja.

— Mzee, niwie radhi.

— Radhi ya nini? Enda. Gathogo, mpatie chombo.

Gathogo, ambaye hatukuwahi kumwona akitoa kitu bure, aliingia dukani, akatoka na mkebe mtupu wa mafuta ya Kimbo, safi, akatoboa kifuniko kwa msumari. Ogola alikata kipande cha pamba nzito, akakiloweka katika kopo la maji ya mvua lililokuwa chini ya mfereji wa paa, akamtandikia kamba kama mtoto mchanga. Mimi nilitumwa mbio nyumbani kwa Mzee kupeleka habari.

Nilimkuta Akello mlangoni, amevaa gauni la bluu. Nilipomaliza kueleza, nilifikiri atalia. Aliniangalia, akaanza kucheka, akaingia jikoni. Nilisikia mama yake akiuliza kwa ukali, kisha wote wawili wakicheka. Akello alitoka na paja la kuku na ugali ndani ya karatasi, bado moto, tukarudi pamoja tukikimbia.

Gari lilikuwa tayari linanguruma. Thuo alikuwa dirishani, mkebe kwa mapaja. Akello alimpitishia chakula.

— Baba amekasirika? alimwuliza Thuo kwa sauti ndogo.

— Muulize mwenyewe.

Mzee Jeconia alikuwa amesimama nyuma ya Akello na kofia mkononi. Aliinua mkono ule wa signal, lakini safari hii haukuwa wa kunyamazisha mtu.

— Safari njema, mwanangu, alisema.

Akello aliposikia neno hilo la mwisho aligeuka upande, akajifanya anatazama duka. Gari liliondoka. Tulisimama mpaka likapotea, halafu tukarudi kwa benchi, sote tunaongea kwa pamoja, kila mmoja anadai kwamba yeye ndiye aliyemwona Thuo kuwa mtu mzuri tangu aliposhuka. Ogola alisema alimpima kwa macho tu na akajua. Ndugu za Mzee walifika na sufuria nzima ya kuku, kwa amri ya Mama Akello, tukala pale pale barabarani kama watu wa sherehe.

Mama Njambi alivuka na birika lake. Hakuwepo wakati wa yale yote. Alitumiminia kahawa, akaona ndoo chini, akafunua gunia. Wale wengine wote, wakubwa, halali kwa sheria zote, walikuwa bado wanapandana polepole.

— Hizi ni zenu? aliuliza.

— Ni zawadi, alisema Mzee Jeconia kwa fahari. Za mkwe wangu.

— Zinapikwaje?

Ogola alimwangalia Gathogo. Gathogo aliniangalia mimi. Mimi nilimwangalia Akello, na Akello akamwangalia baba yake. Barabara ya Nakuru ilikuwa tupu.

Mzee Jeconia alikunywa kahawa yake taratibu mpaka ikaisha.

— Mwandikieni arudi, alisema. Mwambieni upesi.