Kiganja Kilipofunga

Wafiwa wenzetu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja hapa, historia hii ya dada yangu imeandikwa na mama yetu mzazi, nami kaka mtu nimekatazwa kupunguza wala kuongeza, kwa hiyo atakayechomwa na neno asinitazame mimi.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Almasi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, katika chumba cha uani nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, akiwa mtoto wa tatu wa fundi vioo na mke wake muuza mboga, akatoka kimya mpaka mkunga akamchapa, na tangu hapo hakunyamaza tena.

Alisoma shule ya msingi ya jirani kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, akafaulu, akaingia sekondari, akaiacha mwaka 1989 baba yake alipoanguka kutoka kwenye ngazi na kuvunjika nyonga, wala asiseme mtu kwamba alionewa, maana masomo yalimchosha na vioo vilimpenda. Alishika kikata kioo chenye ncha ya almasi, ndipo jina lilipotoka, akajifunza kupiga mstari mmoja bila kurudia, kugonga kwa chini taratibu, na kusikiliza mlio wa kioo kinapokubali kuachana. Kujikata ilikuwa sehemu ya kazi, alifunga kitambaa akaendelea, na baada ya siku chache ngozi ilikuwa imeshajishona yenyewe, hakuna aliyeuliza inajishonaje.

Tarehe 8 Agosti 1998 alifunga ndoa na dereva wa lori, aliyekuja kubadilisha kioo cha mbele kilichopasuka, kisha akawa anarudi na kioo kizima, mpaka mama mkwe akamwambia, "Baba, kama unaoa, oa, usituzibie mlango." Walijaliwa mabinti wawili, wa kwanza mwaka 2000, wa pili mwaka 2012, wakati kila mtu alishagawa nguo za kichanga.

Mwezi Februari 2022 alianza kuona damu chooni, akaificha kwa aibu mpaka Juni, naye si wa kwanza katika ukoo huu kuugua aibu kabla ya ugonjwa. Alikutwa na saratani ya utumbo mpana, ambayo ilikuwa imeshaota sehemu mbili kwenye ini, akaanzishiwa dawa za mshipani, na moja kati ya hizo daktari, mama mwembamba mwenye sauti ya chini, alimweleza waziwazi, mama yake akiwa pembeni na kikapu magotini. Alisema mwili ukiumia hutuma ujumbe wa kuomba msaada, na mishipa ya damu ina vipokezi, ambavyo ni kama masikio yake, vikiusikia ujumbe ule mishipa mipya huchipua kwenda kulisha palipoumia, sasa saratani nayo imejifunza kuita kwa sauti ileile, na dawa hii inainyamazisha, ikose wa kuilisha. Almasi akauliza, "Na nikijikata?" Daktari akasema, "Usijikate."

Ini likaanza kupungua uvimbe, naye akapata tumaini, kwa sababu alichokitaka ni kimoja, binti mdogo amalize shule ya msingi mama yake akiwa hai. Akarudi karakana, akisema anakwenda kusimamia tu. Mwezi Oktoba kioo cha kabati kiliteleza mikononi mwa kibarua, akakidaka kwa mazoea, kikampasua kiganja cha kulia, kidole cha mwisho kikafa ganzi. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na alichoogopa ni kwamba wakijua wataisimamisha ile dawa, basi akavaa glavu, akasema ngozi inamwasha, akawa anakwenda nayo mpaka hospitali.

Aliyemvua ni muuguzi, baada ya kusikia harufu. "Dada, toa hiyo glavu." "Inawasha tu, jamani." "Toa, au niikate na mkasi?" Akatoa, na mama yake, aliyefunga vidonda vya mtoto huyu tangu anatambaa, aliona kitu ambacho hajawahi kukiona, kidonda cha wiki nyingi kimekaa wazi kama kimekatwa asubuhi ile, kingo nyeupe, ndani hakuna hata dalili ya nyama kuota, na wekundu umeanza kupanda mkononi.

Daktari alisema wakiendelea na dawa ile usaha utaingia kwenye damu na kumuua mapema, wakiisimamisha kiganja kitafunga, lakini na ini nalo litasikika likiita. Almasi akasema, "Si muinyamazishe sauti moja, hii nyingine muiache?" Daktari akamjibu, "Ningekuwa na dawa ya namna hiyo, nisingeogopa kukutazama." Akachagua mkono, akaendelea na dawa nyingine zilizobaki.

Kufikia Januari 2023 nyama nyekundu ilijaa, kingo zikasogeleana, majirani wakashangilia, binti mdogo akakibusu kile kiganja, na mama yake Almasi akatoka nje kwa hofu, maana alijua kinachoota mkononi hakioti mkononi tu. Mwezi Machi kidole kilichokufa ganzi kilianza kuchoma kama kimetambaliwa na siafu, daktari akasema neva nazo zina ujumbe wao zinaoufuata, zinarudi polepole zikipapasa njia, Almasi akacheka, kisha akauliza, "Na huko ndani?" Dawa ile ilikuwa imeshaanzishwa tena, lakini ini lilishajaa, na tarehe 19 Julai 2023, saa nne asubuhi, alifariki akiwa ameushika mkono wa mume wake.

Wapo wanaonong'ona kwamba aliuawa na glavu, na wapo wanaosema mwili ulimgeuka, wote wanyamaze, mwili wake uliitwa sehemu mbili kwa sauti moja, ukaitika kote kuwili kama ulivyoumbwa.

Familia inamshukuru daktari aliyekiri kuogopa, muuguzi mwenye pua kali, mafundi wenzake waliofunga karakana leo, majirani waliompikia bila kumhesabia, na kibarua yule aliyesimama kule nyuma aje akae mbele, hakuna anayemdai kitu.

Jana, katika kupanga viti, binti mdogo alijikwaa akachubuka goti. Asubuhi hii bibi yake ameliangalia, linafunga vizuri sana, pembeni pana wekundu wa afya, akalifunika haraka kwa gauni. Almasi, mwanangu, wewe sasa pumzika kwa amani, kuogopa tuachie sisi.