Katibu Ananunua Simu ya Kalamu

Pale Dongobesh, kati ya cherehani ya fundi nguo na duka la pembejeo, kuna benchi la mbao lililolegea mguu mmoja, na wanaolikalia wameliita Mahakama ya Rufaa, ingawa tangu lianze halijamaliza kesi hata moja. Kahawa ni ya Shumbana, mtu asiyependa maneno, aliyepangiwa na Mungu kuyasikia kutwa nzima. Ukitaka kujua kwa nini mvua imechelewa au kwa nini kuku wa kisasa hawana akili, nenda pale ukae. Utapewa majibu matatu, yote ya uongo, na yatasemwa kwa kujiamini mpaka ujione mjinga wewe uliyesoma. Baridi ya huku nayo haina utani, kwa hiyo kikombe kimoja cha kahawa ni sababu tosha ya mtu mzima kukaa hapo hadi jioni na wala asiulizwe.

Alhamisi hiyo kesi ilikuwa ya Renatus. Huyu Renatus ni katibu wa kamati ya maji kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, na watu wanamwita Katibu hata kanisani. Ukatibu wenyewe aliupata kwa mwandiko. Ana mwandiko, jamani! M yake ina mkia unaoinama chini na kurudi juu, na mwisho wa kila muhtasari anapiga mstari mnyoofu bila rula. Lakini kikao kilichopita mwenyekiti alisimama akasema mambo ya daftari yamepitwa na wakati, mihtasari itumwe kwenye simu, na katibu asiyeweza amwachie Abel, kijana mwenye diploma. Jumamosi ndiyo wangeamua. Renatus hakulala vizuri siku mbili. Siku ya tatu akapeleka dume la ng'ombe mnadani, akarudi na laki nne na nusu, akampigia Shabani wa Katesh, anayeuza simu zilizotumika kutoka Arusha. Alikuwa amesikia kuna simu moja kubwa, simu ya mabosi, ina kalamu yake humo humo ndani. Unaandika kwa mkono, mwandiko wako unakwenda kwa watu kama ulivyo. Aliposikia neno kalamu, moyo wake ulishanunua, ilibaki mfuko tu.

— Shikamooni wazee, alisema Shabani akifungua begi.

— Marahaba. Itoe tuione, alisema mzee Qamara.

Qamara amekuwa dalali wa ng'ombe kwa miaka thelathini, na jina lake la benchi ni Dalali. Aliipokea simu kwa mikono miwili. Kioo hakukitazama kabisa. Aliipima uzito, akaipiga piga mgongoni kwa kiganja, akaisikiliza.

— Umri?

— Kama miaka mitano hivi, mzee wangu.

— Imezaa?

— Mzee, hii ni simu.

— Najua ni simu! Nauliza imepita kwa watu wangapi.

— Mmoja tu. Mama mmoja wa Arusha, alikuwa anaifuta kwa pamba.

— Wote huwa wanatoka kwa mama mmoja, alisema Qamara. Miaka thelathini pale mnadani, kila ng'ombe ametoka kwa mjane ambaye hakutaka kuuza.

Renatus alikohoa. Mfukoni mwa shati alikuwa na karatasi. Binti yake Fransiska, anayesomea uuguzi, alimwambia mambo ya kuangalia, naye akayaandika kwa ule mwandiko wake: kioo, betri, kalamu, na kama akaunti ya mwenyewe wa kwanza imetolewa. Akafungua kinywa ayaulize, Joakimu akamwahi.

Joakimu anaitwa Mnara. Aliwahi kuwa mlinzi wa mnara wa simu kwa miaka miwili, na tangu hapo hakuna jambo la mtandao asilolijua.

— Kioo kikubwa hivi, Katibu, kitakumaliza bando.

— Kwa nini?

— Si lazima picha ijae? Picha ile ile, kwenye simu ndogo inatumia kidogo. Hapa lazima mnara uongeze. Nilikuwa naziona usiku zinavyoshuka, nyingine nene, nyingine nyembamba.

— Uliziona data? aliuliza Shabani.

— Dogo, mimi nimelala chini ya mnara miaka miwili. Wewe umelala wapi?

Shabani akaona hapo hapana ushindi, akawageuzia kwenye betri.

— Tazameni wenyewe. Chaji asilimia mia.

— Hapo ndipo ninapoogopa, alisema Qamara. Ng'ombe akija mnadani tumbo limejaa namna hiyo, ujue jana kalambishwa chumvi, leo asubuhi akanyweshwa maji madebe mawili. Unalipa, unafika naye nyumbani anakojoa, unabaki na mbavu. Tukae naye kidogo.

Wakakaa naye. Shumbana akamimina raundi ya kwanza. Simu iliwekwa katikati ya benchi, kioo kinawaka, wazee wanaitazama kama mgonjwa. Raundi ilipoisha ilikuwa asilimia themanini na nane.

— Anakojoa, alisema Qamara.

— Mzee, umeiwasha muda wote!

— Na Katibu atainunua aizime?

Ikashuka ikawa themanini na saba. Joakimu akatikisa kichwa kwa huzuni.

— Haba na haba hujaza kibaba.

Renatus alijua methali hiyo haikukaa mahali pake, lakini aliyekuja kuomba ushauri hamsahihishi mshauri. Akajitahidi tena.

— Shabani, ile akaunti ya mwenyewe wa kwanza imeto...

— Imetoka, alijibu Joakimu. Ikivuka mto Kirurumo tu inatoka yenyewe. Minara ya huku haijuani na ya Arusha.

— Niliitoa mimi mwenyewe, alisema Shabani, akamwonyesha Renatus haraka haraka. Ilikuwa kweli, na ndilo swali pekee lililojibiwa vizuri siku hiyo.

— Mvue hilo gamba, aliamuru Qamara. Mficha uchi hazai.

Gamba la plastiki likavuliwa. Pembeni ya kamera ulionekana ufa mwembamba.

— Hiyo ni nywele, alisema Shabani.

Akaifuta. Nywele haikutoka. Akaifuta kwa mate. Haikutoka.

— Ya yule mama? aliuliza Shumbana, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu asubuhi.

Benchi likacheka mpaka mguu ule uliolegea ukalia. Renatus alicheka nao kwa heshima tu. Dume alishauzwa. Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

— Na hizi kingo mbona zimepinda? aliuliza Qamara. Huyu alikaliwa.

— Zimetengenezwa hivyo, mzee. Ndiyo fasheni yake.

— Anasema kweli, alisema Joakimu. Samaki mkunje angali mbichi. Hicho kioo kilikunjwa kikiwa kibichi.

Wakafika kwenye kioo chenyewe. Shabani alipofungua ukurasa mweupe, chini ya kioo palionekana alama hafifu ambayo haikuondoka: mistari kama ya barabara, na mshale.

— Alama ya nira, alisema Qamara palepale. Amelimishwa huyu. Mama wa pamba gani anaacha alama ya nira shingoni?

Shabani akakiri kwa sauti ndogo kwamba huenda yule mama alikuwa na mtoto, na huenda huyo mtoto alikuwa dereva wa watalii, na huenda simu ilikaa mbele ya usukani ikionyesha ramani miaka kadhaa. Mahakama ingeweza kuishia hapo. Lakini Joakimu hakuwa amesema.

— Sio nira wala ramani. Ni mihuri. Simu ikipita chini ya mnara, mnara unagonga muhuri, kama barua posta. Ikipita mingi, mihuri inarundikana. Hii imetembea! Na kesi ikitokea, serikali inasoma kioo hicho inajua ulilala wapi.

— Hata nikilala kwangu? aliuliza Renatus.

— Hapo hasa ndipo watakapokushangaa.

— Angalau haiogopi maji, alisema Shabani. Hii unaweza kuosha nayo vyombo.

— Vizuri, alisema Joakimu, akavuta kikombe. Tuizamishe kwenye kahawa.

Shabani aliruka akaikumbatia simu kifuani.

— Umesema haiogopi!

— Yenyewe haiogopi. Mimi ndiye ninayeogopa!

— Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, alisema Qamara kwa uzito, na hakuna aliyejua kama alikuwa anamtetea Shabani au anamhukumu.

Ikabaki kalamu. Shabani aliibonyeza pale chini, ikalia ta, ikatoka, nyembamba kama njiti. Joakimu akaonya kwamba ile haina wino, wino wake unashuka kutoka mnarani na unakatwa kwenye salio. Tena ukiandika tusi, mnara unalisoma kabla ya mwenye kutumiwa. Tena ukiipoteza, simu inaomboleza siku arobaini. Renatus hakuwa anasikia tena. Alifuta vidole kwenye koti, akashika kalamu, akaandika:

*Muhtasari wa kikao cha kamati ya maji.*

Ile M ikatoka na mkia wake, ukainama ukarudi juu. Mwandiko wake mwenyewe, miaka kumi na tisa ya mwandiko, umekaa ndani ya kioo unang'aa. Chini yake akapiga mstari, na ukanyooka. Hata Qamara akainama akautazama.

— Katibu, alisema polepole, nira au si nira, huyu mnyama anakufaa.

— Abel hana mwandiko huu, alisema Joakimu. Atume nini yeye? Wataona wote kwenye simu zao, wakae kimya.

Renatus alifurahi, hakuna kuficha. Alimwona mwenyekiti akifungua simu yake na kukutana na ile M. Alimwona Abel na diploma yake akitafuta pa kukaa. Ng'ambo ya barabara Coaster ya Katesh ilipiga honi.

— Katibu, chelewa chelewa utakuta simu si yako, alisema Shabani. Gari hilo linaniacha.

Renatus akaingiza mkono mfuko wa ndani. Alikuwa ameshazishika noti, hajazitoa, alipofika bibi Gaudensia amebeba jembe begani. Huyu ni mjumbe wa kamati tangu siku ya kwanza, na alikuwa kwenye lile kundi la kina mama waliochimba mtaro wa bomba kutoka juu kwenye chemchemi. Wote wakainuka, benchi likapumua.

— Shikamoo bibi.

— Marahaba wanangu. Katibu, nimeambiwa kikao cha Jumamosi hakuna daftari, kila kitu kwenye simu. Ni kweli?

— Ndiyo bibi. Tazama. Mwandiko ule ule.

Alimwonyesha. Bibi Gaudensia hajui kusoma, lakini ile M anaijua. Akatabasamu.

— Nzuri. Na mimi dole langu nitaliweka wapi?

Miaka yote Renatus alikuwa akimfungulia kidau cha wino, anamshika mkono, anagandamiza kidole gumba mbele ya jina lake. Asiyeonekana kwenye mahudhurio analipa faini, debe la mahindi, na zamu yake ya bomba inarukwa wiki nzima. Kati ya wajumbe kumi na wanne, wanaoweka dole ni sita.

— Hilo nalo limo! alisema Shabani, macho yakiwa kwenye Coaster. Simu hii inasoma dole, bibi. Weka hapo kwenye kioo.

Bibi akaweka jembe chini, akafuta kidole kwenye khanga, akakibandika. Simu ikatetemeka.

— Imesemaje?

Renatus alisoma kimoyomoyo, akasoma tena. Ilibidi aseme.

— Imesema haikutambui, bibi.

— Kandamiza zaidi, alisema Joakimu.

Akakandamiza. Ikatetemeka. Shabani akaeleza haraka kwamba ni mpaka asajiliwe kwanza, akaingia kwenye mipangilio, akamwambia aweke, ainue, aweke, ainue. Bibi akaweka na kuinua mara nyingi, na simu ikamwambia kila mara ajaribu tena. Qamara akamshika mkono, akaugeuza kwenye mwanga kama anavyotazama kwato. Kidole kilikuwa laini kabisa, mistari yote imeliwa na mpini.

— Huyu hana alama, alisema. Zimekwisha.

— Zimekwishia kwenye mtaro wenu, alisema bibi, bila hasira. Wino ulikuwa unakubali hivyo hivyo. Sasa Katibu, Jumamosi nitakuja, nitakaa, nitasema la kusema. Nani atajua nilikuwepo?

Shumbana akamtafutia bibi kikombe, akainamisha birika, yakatoka matone mawili na machicha.

Lakini Renatus ni katibu, na katibu hakosi ujanja. Akili ikamwangazia: swali hili, likiulizwa pale kikaoni, litammaliza Abel na mwenyekiti wake mchana kweupe, na laki nne na nusu itabaki mfukoni. Akaachia noti, akainama kwa bibi kwa upole mwingi.

— Bibi yangu, hilo swali ni zito sana. Lihifadhi. Jumamosi simama, waulize Abel na mwenyekiti mbele ya watu wote.

Bibi Gaudensia alilichukua jembe lake, akaliweka begani, akamtazama.

— Abel hajawahi kunishika mkono nikaweka dole. Nimekuuliza wewe.