Risala ya Watumiaji Maji wa Mawe Tatu Kuhusu Pipa la Marehemu Bethwel

Mgeni rasmi, Bi. Cherop kutoka ofisi ya maji ya Nakuru, chifu wetu, wazee, akina mama na vijana: karibuni Mawe Tatu. Tunajua umekuja kutupongeza. Tunaomba utusikilize kwanza.

TULIKOTOKA

Maji ya kisima chetu ni baridi na maangavu, lakini yana floraidi, madini yasiyoonekana wala kuonjeka. Ndiyo yaliyotutia meno rangi ya kahawia na kuwapinda watoto miguu. Kule Molo walitutambua kabla hatujataja kwetu. Ilitosha tucheke.

Marehemu Bethwel alijifunza Nakuru kuchoma mifupa ya ng'ombe katika tanuri lililozibwa hewa, mpaka iwe makaa. Makaa hayo husagwa, yakaoshwa na kujazwa kwenye pipa. Maji yakipita humo, floraidi hunaswa. Mzee Gathogo aliuliza kama sasa tutakunywa makaburi ya ng'ombe. Bethwel alimjibu, "Mzee, supu unakunywa kila siku ya soko. Hii ni supu bila chumvi."

MAFANIKIO

Watoto wa miaka ile waliota meno meupe. Kila asubuhi Bethwel aligonga pipa kwa fimbo ili makaa yatulie, na mlio huo ndio uliotuamsha.

CHANGAMOTO

Bethwel alifariki tanuri likiwa bado na moto. Tulipotoka kumzika, mkewe Jemutai alilifungua mwenyewe. Makaa yalikuwa yameiva kuliko yote aliyowahi kuchoma. Tuliyajaza kwenye pipa tukiimba.

Makaa huchoka, mgeni rasmi. Yakishiba hayanasi tena, na maji hayakuambii. Sote tulilijua hilo. Lakini Jemutai alisema hiyo ndiyo kazi ya mwisho ya mkono wa mumewe, na kwetu kazi aliyoiacha marehemu haiguswi mpaka mwenye msiba aseme, na wa kwanza kuigusa awe mgeni. Nani angeshika sepetu mbele ya mjane? Kwa heshima, tukaendelea kunywa. Miaka ikapita hivyo.

Mbwa waliokuwa wakigombania mifupa hawaingii tena pale. Hukaa nje ya ua wakilitazama pipa. Na asubuhi bado tuliamshwa na mlio ule. Sisi tulidhani ni Jemutai. Jemutai alidhani ni sisi. Siku moja tulikutana hapo sote, mikono mitupu, na mlio ulikuwa ukiendelea, ndani. Hakuna aliyekimbia. Jemutai aliweka kiganja kwenye ubavu wa pipa, akafungua mfereji, akanywa.

"Ako hapa," alisema.

Tangu hapo tulikunywa kimya, kama watu walio kanisani.

Binti yao, Tabby, alikuwa bado tumboni baba yake akizikwa. Juzi meno yake ya ukubwani yalitoka, yale ya mbele. Ni ya kahawia.

OMBI

Hatuombi tanuri jipya, na cheti ulichotuletea tunaomba ukiweke kando kwanza. Tunaomba wewe, usiye jamaa wala jirani, utoe sepetu la kwanza la makaa hayo. Sisi hatuwezi.

Jemutai mwenyewe ametutuma tuseme hivi. Leo asubuhi alikutekea maji ya mezani, kisha akarudi akayamwaga chini. Akasema, "Mgeni asipewe hii." Tabby alikuwa amesimama hapo na kikombe chake. Akamuuliza mamake kama na yeye aache.  Jemutai alienda akaleta sepetu. Ndilo hilo kando ya kiti chako.

Ukifunua pipa usiogope. Mwite kwa jina. Mwambie Bethwel kwamba Jemutai amekubali, apumzike.

Mungu anayetunza walio hai na waliolala akurudishe Nakuru salama.

Ni sisi, Watumiaji Maji wa Mawe Tatu.
Imesomwa kwa niaba yao na Wariara Kihara, katibu.