Moshi Niliouonea Haya

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenisimamisha mbele yenu nikiwa na uso wa kuwatazama. Maana kuna wakati sikuwa nao.

Mimi ni Habiba, wa hapa hapa Garissa. Mwishoni mwa miaka ya tisini kaka yangu, aliyekuwa akisoma Nairobi, alikuja na habari za intaneti. Alisema unaweka picha ya bidhaa kwenye kompyuta, na mtu wa ng'ambo anaiagiza bila kutia mguu dukani. Nilicheka. Kisha nikamkumbuka eedo Dahabo, dada wa marehemu baba, aliyenilea. Alikuwa akisuka dhiil, vile vyombo vyetu vya maziwa, amevikaza hata tone halipenyi. Ukame ulikuwa umemmalizia ng'ombe, hakubaki na kingine ila vidole vyake. Kaka akapiga picha, akaziweka.

Ndugu zangu, haikuwa rahisi. Huku intaneti hatukuwa nayo. Ujumbe ukifika Nairobi, kaka aliuchapisha kwenye karatasi akampa dereva wa basi. Barua iliyovuka bahari kwa dakika moja ilitufikia baada ya siku nne, na mvua ikikata barabara, wiki mbili. Wateja walituona wezi, wakatuacha. Alivumilia mmoja tu, mama mwenye duka huko ng'ambo. Aliagiza vyombo sita.

Eedo alivisuka miezi mitatu. Kabla ya kunikabidhi akavifukiza ndani kwa vijiti vya moto, kama afanyavyo kila mwanamke wa kwetu ili msuko uzibe, maziwa yasiharibike upesi na yanukie vizuri. Kwake, dhiil isiyofukizwa ni kazi ambayo haijaisha.

Jibu likaja kwa basi. Mteja alisema vyombo vinanuka moto, akauliza kama vimeokolewa kwenye nyumba iliyoungua.

Niliona haya. Niliuonea haya moshi wetu, moshi nilioonja katika maziwa tangu utotoni! Nikamwandikia uongo kwamba ghala letu liliungua na nitamtumia vingine. Eedo nikamwambia wamevipenda, wanataka sita zaidi. Akamshukuru Mungu, akasuka tena, na vidole vimemvimba. Alipovileta na kuondoka, nikavipeleka nyuma ya nyumba nikavisugua kwa sabuni na mchanga mpaka harufu ikaisha.

Eedo alikuwa amesahau mtandio wake. Aliporudi alinikuta mikono imejaa povu. Akachukua chombo kimoja, akakitia maji. Yakavuja yote miguuni pake.

Kwetu shangazi na mtoto wa kaka yake huitana kwa jina lile lile. Akaniambia taratibu, "Eedo, umefanya nini?"

Nikalia, nikamwambia yote. Nilingoja aniapize, na apizo la mlezi, ndugu zangu, halina dawa. Yeye akakaa chini mchangani, kile chombo mapajani.

"Huyo mama hajui moshi ni wa nini," akasema. "Hajaambiwa. Wewe unajua. Mbona hukumwambia?"

Kwa swali hilo Mungu alinifungua. Siku ile ile niliandika kweli tupu: kwamba hakuna ghala lililoungua, moshi ule ni wa nini, na ni nani aliyesuka. Nikampa dereva karatasi, nikakaa wiki tano nikiomba toba.

Mteja alijibu kwamba ametia maziwa kwenye kimoja cha vile sita vya kwanza, akayanywa. Hakuagiza tena. Ile biashara ilikufa, na sikuililia.

Eedo ametangulia mbele ya haki. Kile chombo kilichovuja ninacho. Tulikifukiza pamoja mara nyingi kabla hajafa, na bado kinavuja kidogo. Nimekiacha hivyo.

Ndugu yangu unayeficha ulikotoka ili wageni wakupende, mtegemee Mungu, sema kweli. Hakuniaibisha mimi, hatakuaibisha wewe. Na mkitoka hapa, karibuni kwangu. Maziwa yapo, na yananuka moshi.