Maharage ya Sungura wa Mwezini

Alasiri ya sikukuu ya mwezi mpevu, benchi la kichochoro cha Kisima Kikavu, Beijing, lilikuwa na wenyewe watatu na birika moja la chai. Ukutani kamati ya mtaa ilikuwa imebandika tangazo: mwezi utatazamwa kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili, kwa utulivu. Kamusi, mwalimu mstaafu, alitaka kujua kama mwezi wenyewe umepelekewa nakala. Mzee Luan, waliyemwita Makaa kwa kuwa alichochea tanuri la bafu la umma miaka thelathini, hakucheka. Miguuni alikuwa na mfuko, na matawi ya maharage mabichi yakichungulia nje.

— Ya nini hayo, Makaa? aliuliza Redio, ambaye habari ya mtaa haikumpita.

— Ya sungura wa Chang'e.

Kila mwaka Suyun, mkewe Makaa, ndiye aliyemwandalia Chang'e, mungu wa kike wa mwezini, meza pale uani: tikiti lililochongwa kama ua, keki za mviringo, maharage ya sungura wake. Suyun alizikwa masika. Na desturi inajulikana: mwanamume haabudu mwezi, hukaa ndani.

— Huwezi, kaka, alisema Kamusi. Mwezi baridi, mwanamume moto. Utaupasua kama glasi.

— Siyo hivyo, mwalimu, alisema Redio. Chang'e alimeza dawa ya kutokufa ya mumewe akaruka zake mwezini. Akiona sharubu, atadhani kafuatwa. Mwezi utageuza njia, lawama tubebe sisi.

— Basi kamati impe Makaa cheti cha uanamke, cha saa moja na nusu.

— Chenye mihuri miwili.

Makaa aliukunja mdomo wa mfuko. Mwezi kuchomoza ukakuta uani patupu, hilo ndilo asiloweza kulivumilia.

Ruolan, muuguzi kijana, mpangaji wa juzijuzi, alikuwa akipita na baiskeli yake, akasimama kusikiliza.

— Samahani, babu. Bibi alikuwa akimwomba Chang'e nini?

Kamusi akalitazama tangazo kana kwamba jibu limo. Makaa aliikumbuka miaka arobaini na mmoja ya kuchungulia uani kupitia pazia: mgongo wa Suyun, moshi wa ubani, kichwa kikiinama na kuinuka. Kisha Suyun aliingia, akamkatia keki nusu kwa nusu, naye Makaa akala tu, asiulize.

Akainamisha birika. Limekauka. Akachukua mfuko wake, akasimama.

— Wapi tena, kaka?

— Kuandaa meza. Nikamuulize Chang'e, yeye ndiye aliyeombwa.