Mifarishi Kumi na Miwili ya Bi. Delphine

Bi. Delphine Peneaux Janis, tunayemrudisha ardhini leo, alizaliwa tarehe 9 Februari 1951 nje kidogo ya Wanblee, katika nchi ya Walakota wa Pine Ridge, Dakota Kusini, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Ambrose na Bi. Stella Peneaux. Theluji ilikuwa imeziba njia, kwa hiyo aliyempokea duniani ni bibi yake mwenyewe. Ndiye aliyempa jina la Kilakota lenye maana ya Asimamaye Upeponi.

Mwaka 1957 alipelekwa shule ya bweni ya wamisionari. Siku ya kwanza walimkata nywele. Kwetu nywele hukatwa mtu anapofiwa, basi mtoto yule wa miaka sita alilia wiki nzima akiuliza ni nani nyumbani aliyekufa. Alitoroka mara mbili, na mara zote mbili akarudishwa. Watu walipomuuliza aliwezaje kuvumilia, alisema, "Nani kasema niliweza? Baba alitufundisha: lisha farasi kwanza, kulia baadaye. Basi nikawa natafuta farasi wa kulisha."

Farasi hao akawapata jikoni. Kuanzia 1971 hadi 2005 alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Mtoto aliyeona haya kuomba sahani ya pili aliitwa kwa sauti: "Wewe mifupa, rudi hapa!"

Tarehe 17 Juni 1972 alifunga ndoa na Bw. Clement Janis, mchunga ng'ombe, wakajaliwa watoto wawili, Arlette na Wendell. Clement alifariki mwaka 1998. Alimwachia Bi. Delphine shemeji, Orville, mdogo wake Clement, na utani wa mashemeji usiokuwa na huruma.

Tarehe 11 Desemba 2021 gari la Wendell liliteleza kwenye barafu, akafa papo hapo. Bi. Delphine alikata nywele, safari hii kwa mkono wake. Akaweka nadhiri kwamba mwaka ukitimia atalisha watu, atagawa mifarishi kumi na miwili ya nyota, yaani ya kujifunika, iliyoshonwa vipande vya vitambaa kwa umbo la nyota, na roho ya mwanawe itaachiliwa iende. Hadi hapo, nyumba ile haingecheza ngoma.

Kufikia Septemba mifarishi yote ilikuwa tayari. Kisha vikaja vifo, kimoja baada ya kingine, na kwetu jeneza haliendi kaburini bila kufunikwa mfarishi. Kila msiba alitoa mfarishi.

"Mama, hii ni ya Wendell!" Arlette alilalamika.

"Wendell ana mama. Yule pale ana nani?"

Katikati ya Novemba ilibaki minne tu, naye akaanza kushona upya mingine. Figo zake zilikuwa zimechoka, na mara tatu kwa wiki Orville alimwendesha saa moja na nusu kwenda kusafishwa damu. Akaanza kumwambia Orville kwamba kliniki imefungwa kwa theluji. Mjukuu wake Kateri, aliyekuwa akimtungia uzi, alimsikia kwenye simu.

"Bibi, kliniki iko wazi."

"Tunga uzi."

"Nitamwambia Babu Orville."

"Mwambie. Halafu roho ya mjomba wako ibaki mlangoni mwaka mwingine. Tunga uzi, mjukuu wangu."

Kateri akatunga. Safari tano zikapita hivyo.

Tarehe 11 Desemba 2022 mifarishi ilitimia kumi na miwili. Bi. Delphine hakuweza kusimama, ila aliita majina ya wote kumi na wawili waliopewa kwa kinywa chake. Orville alipopewa wake aliugeuzageuza. "Shemeji, mshono huu umepinda kama miguu yako!"

"Utakufaa basi. Na wewe umepinda."

Ukumbi mzima ukacheka. Machozi ya kumlilia Wendell yalifutwa siku hiyo.

Siku tatu baadaye Bi. Delphine alilazwa hospitali, maji yakiwa yamejaa mapafuni. Alifariki Ijumaa asubuhi, tarehe 20 Januari 2023, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Juzi, jikoni, mbele ya ndugu wote, Kateri alisema alichokijua. Alingoja kukaripiwa.

"Hata mimi nilijua," Orville alisema. "Theluji gani ile, na jua linawaka? Nilinyamaza. Tangu Wendell afe sikuwahi kumwona ametulia vile."

Arlette alilia sana. Kisha Orville akasema neno ambalo familia imekubaliana lisomwe hapa: "Mwaka wake umeanza. Safari hii hakuna atakayeacha dawa ili ashone. Tukipata mfarishi mmoja, tutagawa mmoja, na watu watakula supu."

Marehemu ameacha binti yake Arlette; dada yake Bernadine wa Rapid City; shemeji yake Orville; wajukuu watano, Kateri akiwa wa kwanza; na watoto wa shule wasiohesabika aliowashibisha.

Alale kwa amani, mikono mitupu, kama alivyotaka.