Bi Odessa Pruitt na Meza ya Mashine Tatu

Baada ya miaka thelathini na miwili na miezi minne ya kazi, Bi Odessa Pruitt anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Februari 2014. Aliingia katika Duka la Ala za Muziki la Hargrove, hapa Barabara ya Livernois, Detroit, Oktoba 1981, akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Siku hizo tulikuwa wafanyakazi kumi na wanne. Leo tumebaki wanne, na kuanzia Jumatatu tutakuwa watatu.

Aliposikia kwamba ni mimi, Rayford Sims wa kaunta ya magitaa, niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu, alinifuata stoo.

"Ray, usiiache habari ya Cortez Blakely."

"Bi Odessa, hii ni ya sherehe. Watu watakuwa wanakula keki."

"Basi wataila na hiyo habari. Ukiiacha, usiandike kabisa."

Kwa hiyo imo. Aliyekuja kucheka tu avumilie kidogo.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa akishona viti vya magari kwenye kiwanda ambacho kilifungwa kama vingine vilivyofungwa. Aliajiriwa kuuza nyuzi za gitaa na fimbo za ngoma. Fundi wetu alipohama mwaka 1986, Bi Odessa alianza kufungua mashine mbovu wakati wa mapumziko ya mchana, mkono mmoja umeshika bisibisi, wa pili umeshika sandwichi. Vidole vilivyozoea sindano havikuona taabu kuchomelea nyaya nyembamba. Mwaka uliofuata karakana ikawa yake, na ndio wakati mashine za midundo zilizonasa sauti zilipoanza kuingia mjini. Unachukua nusu sekunde ya santuri ya zamani, au mlango unaobamizwa, au kikohozi cha mjomba wako, unaiweka kwenye kitufe, kisha unaipiga kama ngoma. Watengeneza biti, yaani midundo ya nyimbo za kufoka, wa upande wetu wa magharibi walizitaka kuliko chakula, na hakuna aliyejua anunue ipi.

Bi Odessa aliweka tatu juu ya meza moja karibu na dirisha. Ya kwanza ilikuwa ya kijivu, nzito kama jiwe la kaburi. Ilibeba sauti ya sekunde kumi tu, basi. Ili kuipunja, vijana waliizungusha santuri kwa kasi, wakainasa hivyo, halafu wakaipunguza mwendo ndani ya mashine, ikatoka imekwaruzika kana kwamba imepitishwa kwenye majivu. Ukwaruzo huo ndio walioupenda. Ya pili ilikuwa pana, yenye vitufe kumi na sita vya mpira, na mdundo wake ulichelewa kidogo, kama mtu anayetembea na kiatu kimoja kikubwa. Ya tatu ilikuwa toleo jipya kabisa, iliyobadilishwa kila baada ya miaka michache. Kuhusu hiyo alikuwa akisema, "Inakumbuka kila kitu, haina la kusema."

Mteja aliambiwa ageukie ukuta. Bi Odessa alipiga ngoma ileile kwenye mashine zote tatu, na mteja akachagua kwa sikio, si kwa bei wala kwa tangazo. Kuna mwanamume aliyekuja na pesa mkononi kununua ile mpya. Akageuka, akasikiliza, akachagua ya kijivu mara tatu mfululizo.

"Na nyumbani una ipi?" Bi Odessa akamuuliza.

"Hiyohiyo ya kijivu."

"Basi funga koti, rudi kwa mashine yako ukaiombe radhi."

Mzee Hargrove, mwenye duka, alikuwa amesimama pale. "Odessa, utaniua wewe."

"Mbona unapumua?"

Mwanamume yule aliendelea kununua kwetu kwa miaka ishirini.

Sasa nakuja kwa Cortez. Machi 1996 alikuwa dereva wa basi wa miaka ishirini na sita, mpole, na biti zake zilikuwa zimeanza kuulizwa na watu wa New York. Alileta mashine yake pana, kioo kimezimika. Ndani yake mlikuwa na diski yenye kazi ya miaka minne, na humo mlikuwa na sauti za gitaa la besi la baba yake. Mzee Blakely alipiga besi katika klabu za mji huu tangu ujana wake, mpaka kiharusi kilipoulaza mkono wake wa kulia, majira ya baridi hayohayo. Cortez alikuwa amenasa besi yake jikoni mwaka uliotangulia, kipande baada ya kipande. Hakuwa na nakala nyingine.

Juu ya meza ya karakana palikuwa na mashine mbili zilizofanana kama mapacha: ya Cortez, ambayo kioo chake kilikuwa kimeshatengenezwa, na ya duka iliyotakiwa kufutwa ili iuzwe. Bi Odessa alikuwa ameondoa vibandiko vya majina kwa sababu viliziba skrubu. Akawasha moja. Mashine ikauliza, je, futa yote? Akabonyeza ndiyo. Nilikuwa mlangoni nilipoona uso wake ukibadilika.

Ni mimi niliyemwambia, "Sema diski imekufa. Diski hufa kila siku, dada. Nani atajua?" Naliandika hili kwa aibu, maana yeye amenitaka nisifiche lake, nami siwezi kuficha langu.

Aliipeleka diski kwa wataalamu wa Chicago, na baada ya wiki tatu ikarudi tupu. Akanichukua garini twende kwa Cortez. Alisimama barazani kwake, hakusubiri kukaribishwa.

"Nimeifuta mimi. Haikuharibika. Nilichanganya mashine mbili, nikabonyeza bila kuangalia."

Cortez akauliza, "Na za baba?"

"Zote."

"Ondoka, mama. Ondoka kabla hajaamka akakuuliza mwenyewe."

Baadaye tulisikia kwamba aliiuza mashine na kuacha biti. Watu wa New York wakatafuta mwingine.

Tangu wiki hiyo, karakana ya Hargrove haikulegeza skrubu hata moja kabla ya kunakili kila kilichomo. Mamia ya watu wamepona kwa kanuni hiyo bila kujua ilitoka wapi. Bi Odessa hakuiita mafanikio. Tulipompa tuzo ya mfanyakazi bora mwaka 2001, aliiacha kwenye droo.

Mwaka 2009 Cortez aliingia dukani, mvi zimeanza. Baba yake alikuwa amezikwa wiki hiyo. Aliuliza kama huenda tulinasa chochote siku zile, hata kwa bahati mbaya. Bi Odessa nami tulisikiliza kaseti zote za majaribio za karakana kwa siku tisa. Hatukupata hata noti moja. Cortez aliporudi, Bi Odessa akamwambia hivyohivyo, bila kuzunguka.

Cortez aliketi kwenye kigoda. Kisha akasema, "Nataka mashine. Nionyeshe." Akageukia ukuta mwenyewe. Alichagua ile pana, kama ya zamani, na Bi Odessa akaifunga kwenye sanduku.

"Sijakusamehe, Bi Odessa," akasema mlangoni. "Nimechoka tu kukuchukia."

"Inatosha," akajibu. "Zaidi ya hapo nitakuwa nimeiba."

Huja mara mbili tatu kwa mwaka, hununua nyaya, hasalimii kwa mkono. Nilimpa kadi ya mwaliko wa Ijumaa. Aliisoma, akaitia mfukoni.

Januari hii mteja alileta mashine mbili akiuliza kwa nini sauti ya moja imefifia. Bi Odessa alisikiliza, akasikiliza tena, akamwita mwenzangu wa piano, ambaye aliisikia tofauti papo hapo. "Mimi siisikii," Bi Odessa akamwambia mteja. Daktari alithibitisha kwamba sikio la kulia limekwisha. Jioni ileile alimwandikia Mzee Hargrove barua ya kustaafu ya mstari mmoja.

Alinikataza kuandika kwamba duka litasonga mbele vizuri. Basi niseme kweli: hakuna fundi mpya. Mashine mbovu zitapelekwa Ohio kwa lori kila Alhamisi, na meza ya dirishani itawekwa vipaza sauti vya simu.

Bi Odessa, tunakushukuru kwa saa ulizotupa, na kwa kutofundisha uongo katika duka ambalo uongo ungelipa. Nenda nyumbani ukalale mpaka uchoke. Sikio la kushoto lingali zima. Usilikopeshe mtu tena.